Mgombea binafsi: Tanzania tumruhusu, au tuendelee na wajumbe?

Wakuu, salaam. Nauliza kwa kuwa yamenikuta. Niliomba ridhaa ya chama changu niwanie udiwani, kata inanijua kupitia kamati ya maji. Kwenye kura za maoni wajumbe, yaani wanachama wanaopiga kura hizo ndani ya chama, wakanimwaga. Mwenye mfuko alishapita nyumba kwa nyumba usiku. Ule msemo wa 2020, "wajumbe si watu wazuri", tulioonja ndio tunaujua. Wananchi wakaniambia: wewe gombea tu, sisi tutakupa. Nigombee kwa tiketi ya nani?

Ibara ya 39 na ya 67 za Katiba zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na kwenye udiwani ni vilevile. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyefungua kesi kudai haki ya kugombea bila chama, alishinda Mahakama Kuu 1994, Katiba ikafanyiwa marekebisho mwaka huohuo kumzuia. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge. 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapahapa Arusha, ikasema haki zimevunjwa. Mzee alifariki 2015, ibara ziko palepale. Mnasemaje?

Jirani, Mombasa

Sisi Kenya wagombea binafsi tunao tangu katiba ya 2010. Sharti usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Lakini usidhani pesa inaondoka. Nilimpigia kampeni mmoja aliyetaka kuwa MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa wadi yetu: mabango, mafuta ya gari, chai ya mawakala, vyote mfukoni mwake. Kufikia jioni ya kuhesabu kura vituo kadhaa havikuwa na mtu wake. Halafu wengi wa hawa "binafsi" ni walioanguka kwenye mchujo wa chama. Akishinda, anarudi kulekule.

Mpiga kura, Mwanza

Kaka pole, ila mimi napinga. Viti maalum vya wanawake bungeni vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo vyama vimepata. Kura nitakayompa mgombea binafsi itaingia hesabu ya nani? Mnataka kufungua mlango mmoja mkifunga mwingine, na uliofungwa ni wetu. Kama wajumbe wanahongwa, washtakiwe. Hilo halihitaji kugusa Katiba.

Mwenye mada

Dada, hoja ya viti maalum ni nzito, na yeyote atakayeandika sheria hii aanze nayo. Kuhusu kushtaki: shahidi ni nani, wakati mpokeaji ndiye mpiga kura?

Ila mimi tatizo langu kubwa liko baada ya uchaguzi. Mbunge akivuliwa uanachama, ubunge nao umekwenda, hata kama jimbo zima bado linamtaka. Sasa akisimama kuchangia bajeti atamwogopa nani, mimi au katibu wa chama? Na wanaosema nchi itayumba wakumbuke 1960: TANU ilizoa viti 70 kati ya 71, na kile kimoja, cha Mbulu, kikaenda kwa Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Mwaka uliofuata tukapata uhuru kama kawaida.

Jirani wa Mombasa, nijibu hili: MCA asiye na chama huko kwenu, kamati za bunge la kaunti anapangiwa na nani?