Bajeti inaishia laki nne, Tanga mjini: Galaxy A06, Redmi 14C au Spark 30C?

Mwana_Chumbageni
Wakuu salaam. Naomba ulinganisho wa simu mpya, si mtumba, bajeti inaishia laki nne. Mtumiaji anauza samaki kwa jumla, asubuhi yuko soko la samaki la Deep Sea, mchana Ngamiani, muda mwingi juani na mikono imelowa. Simu ni ya WhatsApp (anaweka bidhaa status), M-Pesa na Mixx, laini mbili zote ziwe hewani, picha zieleweke, na chaji ifike usiku. Gemu hachezi. Zimebaki tatu kwenye orodha: Samsung Galaxy A06, Redmi 14C na Tecno Spark 30C. Ipi, na kwa sababu gani?

FundiSaketi
Mkuu, suala la prosesa (ubongo wa simu) liweke pembeni kabisa. A06 ina Helio G85, hizo mbili zina Helio G81. Ukizichambua ni ndugu wa tumbo moja: kori 2 za Cortex-A75 na kori 6 za A55, na upande wa picha ni Mali-G52 ileile, ya G85 inakimbia kidogo tu zaidi. Muuzaji akikwambia "hii ni nyepesi kuliko ile" anauza maneno.

Vioo navyo ni LCD za HD+ zote tatu. A06 ina inchi 6.7 na inakwenda 60Hz (kioo kinajichora mara 60 kwa sekunde), Redmi ina inchi 6.88 na inafika 120Hz, Spark nayo 120Hz. Hiyo 120 inapendeza ukiwa unaperuzi, ila inakula chaji. Mtu wa sokoni ataishusha iwe 60 na wote watakuwa sawa.

Tofauti zenye maana ni hizi. A06 ilitoka 2024 na Android 14, na Samsung waliiahidia matoleo mawili ya Android mbele pamoja na miaka 4 ya masasisho ya usalama. Kwa mtu anayeweka hela kwenye simu, hilo si jambo dogo. Halafu inapokea chaji ya wati 25, wenzake 18. Redmi ina betri ya mAh 5160 dhidi ya 5000, hiyo tofauti hutaihisi. Spark ina IP54, yaani inavumilia vumbi na matone ya maji. Kwa mtu wa samaki hiyo ni pointi ya kweli, ila IP54 si ya kutumbukiza, na haisemi lolote kuhusu maji ya chumvi.

Kange_Stendi
Huyo mchukulieni Spark tu. Spea za Tecno ziko kila kona, kioo kikipasuka hata kule Pongwe anapata fundi. Samsung utaambiwa "subiri nikuagizie Dar".

FundiSaketi
@Kange_Stendi hilo lilikuwa kweli zamani zaidi. Vioo vya A05 na A06 vinapatikana kwa sababu zimeuzwa sana. Redmi ndiyo kioo chake ukikute kwa mafundi wachache, na cha 14C kwa ukubwa ule hakiingiliani na cha 13C. Hapo nakubali Spark na A06 ziko mbele.

BintiPangani
Mtu akienda dukani na hiyo bajeti ataoneshwa pia Galaxy A05 kwa bei ya chini, na ataambiwa "ni ileile". Si ileile. A05 haina sehemu ya alama ya kidole. A06 inayo, iko pembeni kwenye kitufe cha kuwashia. Mwenye programu ya benki au ya pesa kwenye simu anafungua kwa kidole badala ya kubonyeza namba ya siri mbele ya umati sokoni. Ila kidole chenye maji au magamba hakisomeki, kwa hiyo asajili vidole viwili vitatu, kimojawapo cha mkono asioutumia kushika samaki.

Jambo la pili ni RAM. Asome herufi ndogo za boksi. "8GB" kubwa kubwa mbele, chini yake imeandikwa 4+4. Hiyo 4 ya pili inakopwa kwenye hifadhi, na hifadhi za simu hizi ni eMMC (aina ya bei nafuu), polepole mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Ikipata nafasi izimwe kwenye mipangilio, simu inatulia. A06 ipo ya 4/64, 4/128 na 6/128 (GB za RAM kwa GB za hifadhi). Ya 64 asiiguse: mfumo unakula sehemu kubwa ya hizo 64, inayobaki WhatsApp ya mfanyabiashara inaijaza kwa video za wateja, na simu iliyojaa ndiyo inayoganda katikati ya muamala.

jabali_la_mwambao
Mbona hamumwambii achukue iPhone 8 ya mtumba? Bei hiyohiyo, kamera safi, heshima juu.

Mzee_wa_Laini
Kijana, aliyeleta mada ameandika "laini mbili" na "si mtumba". iPhone 8 ina tundu moja la laini, basi. Betri yake ikiwa mpya kabisa ni mAh 1821, na iliishia iOS 16. Hata iPhone XR ina laini moja ya kadi na nyingine ya eSIM (laini isiyo na kadi), betri mAh 2942, nayo Apple waliiacha kwenye iOS 18. Ikifika saa nane mchana mtu anaomba kuchomeka kwenye duka la watu. Heshima ya simu iliyozima sijaiona.

jabali_la_mwambao
Haya, nimekubali kwenye betri 😅

Mwana_Chumbageni
Asanteni. Dada @BintiPangani hapo kwenye kidole umenisaidia. Vipi Galaxy A16, kuna mtu amemwambia aongeze hela kidogo afike huko?

BintiPangani
Akiweza kuongeza, tofauti inaonekana kwa macho. A16 ya 4G ina Helio G99 iliyotengenezwa kwa nanomita 6, G85 ni ya nanomita 12, kwa hiyo inafanya kazi ileile kwa moto mdogo na chaji kidogo. Kioo ni AMOLED cha Full HD, na juani ndipo LCD za bei nafuu zinapoaibika. Ina IP54, na ahadi ya matoleo 6 ya Android. Kasoro zake: tundu la earphone halipo, na memori kadi inakaa mahali pa laini ya pili. Mtu wa laini mbili ajue kadi hataweka.

Ila kioo kikipasuka, AMOLED halisi ni ghali. Mafundi wengi wanaweka kopi ya LCD, inakuja nene, inainuka kidogo pembeni, rangi zinapauka na chaji inaisha mapema. Mtu ambaye simu yake inaanguka anguka kwenye zege la soko, mimi ningemwachia A06 na hela inayobaki anunue kava zito na protekta.

FundiSaketi
Niongeze kuhusu hewa ya hapa kwetu, maana ndiyo inayoua simu Tanga kuliko kuanguka. Chumvi na unyevu vinaingia kwenye tundu la chaji. Ukimulika tochi ndani ya Type-C utaona ulimi mwembamba katikati, una pini 12 kila upande. Kutu ikianza, pini zinapiga kijani au weusi, mara nyingi upande mmoja. Dalili yake ya kwanza: simu inachaji ukigeuza waya upande mmoja, ukigeuza wa pili inakataa. Ikifika hapo mtu anadhani waya mbovu, ananunua mwingine, na mwingine.

Kinachoharibu zaidi ni kuchomeka chaja tundu likiwa na unyevu. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unakula pini za chaji zenyewe kwa haraka sana. Mikono ikiwa na maji ya samaki, asichomeke. Afute, aache tundu likauke ndipo achaji.

Usafi wake, mara moja kwa wiki mbili hivi: zima simu. Chokoa vumbi na nyuzi za mfuko kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, ukikwepa ule ulimi. Sindano na pini za chuma hapana, zinakwangua na zinaweza kushoti. Kisha mswaki laini wenye isopropili kidogo (spiriti ya kusafishia, ile ya asilimia 90 kwenda juu, maduka ya vifaa vya umeme wanayo), piga mara chache, acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha. Petroli na pafyumu wanazotumia watu zinaacha mafuta.

Ikitumbukia baharini, mchele hausaidii. Mchele unafyonza maji, chumvi inabaki ndani na inaendelea kula saketi. Izimwe papo hapo, isiwashwe "kuangalia kama inafanya kazi", ipelekwe kwa fundi aifungue aioshe kwa isopropili siku hiyohiyo.

Tundu likifa kabisa, simu za daraja hili kwa kawaida zina ubao mdogo wa chini wenye tundu la chaji na maiki, unabadilishwa mzima. Fundi akitaka kuchomelea tundu peke yake kwenye ubao uleule ulioliwa na kutu, litarudi tena kwake.

Kange_Stendi
Hapo kwenye mchele umegusa watu wengi 😂

Mzee_wa_Laini
Sasa kununua kwenyewe, maana simu nzuri ikinunuliwa vibaya ni kimeo tu. Akiwa bado dukani na hela mfukoni:

Abonyeze *#06#. Zitatokea namba mbili za IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwa sababu laini ni mbili. Zote zifanane na zilizo kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha atume IMEI hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, ni huduma ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), itarudisha aina ya simu. Jibu likitaja modeli nyingine, arudishe simu kwenye kaunta, asibishane. Mtakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa kwa pamoja nchi nzima.

Kwa Samsung, aandike *#0*# sehemu ya kupiga. Inakuja menyu ya majaribio: rangi nyekundu, kijani na bluu za kukagua kioo, na sehemu ya tachi ambayo anachora kidole kote hadi visanduku vyote vijae. Kisanduku kinachogoma kujaa ni tachi iliyokufa. Kwa Redmi na Tecno namba hiyo haifanyi kazi, afungue kibodi, ashike ikoni moja na kuivuta kioo kizima. Ikidondoka mahali palepale kila mara, pana tatizo.

Aweke laini zake mbili mwenyewe, apige kwa kila moja. Avute treya aone nafasi ngapi zipo, asiridhike na maneno.

Risiti iwe ya EFD (mashine ya kodi) na iandikwe IMEI, na kadi ya waranti ipigwe muhuri wa tarehe ya siku hiyo. Bila tarehe waranti ni karatasi ya kufungia karanga.

BintiPangani
Na simu za mkopo, Mzee. Hilo linaumiza watu wengi siku hizi. Simu inauzwa kwa bei ya kutupa, "mpya, imefunguliwa boksi tu", kumbe aliyeichukua kwa mkopo hajamaliza kulipa. Inafanya kazi vizuri, baada ya muda inajifunga kwa mbali na kuonesha ujumbe wa deni. Kuflashi (kuweka upya mfumo wa simu) hakusaidii, kwa sababu kufuli limefungwa na IMEI upande wa mwenye mkopo.

Namna ya kuigundua: muuzaji aifute simu yote mbele yako kupitia mipangilio, si kwa vitufe. Iwashwe upya, iunganishwe na intaneti, hotspoti ya simu yako inatosha. Ikiomba akaunti ya Google ya mtu mwingine, au ikileta ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni, imekwisha hiyo. Isipoomba kitu, ingia kwenye mipangilio ya usalama, tazama programu zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa. Jina usilolijua humo ni sababu ya kuondoka.

jabali_la_mwambao
Swali dogo. Kuna jamaa anauza simu zilizotoka Marekani, anasema zinashika 4G zote. Ni kweli?

Mzee_wa_Laini
Inashika mjini, ukitoka nje ya mji inaanza kutafuta mtandao. Hapa kwetu 4G inarushwa pia kwenye masafa ya 700 na 800, hayo ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta. Kwenye vipimo vya simu yanaandikwa bendi 28 na bendi 20. Modeli nyingi za Marekani hazina moja au zote mbili. Atafute namba kamili ya modeli nyuma ya boksi, asome orodha ya bendi kabla ya kulipa.

Mwana_Chumbageni
Nimeelewa. Tunakwenda na A06 ya 6/128, ikikosekana Spark 30C. Chaja vipi?

FundiSaketi
Boksi la A06 mara nyingi lina waya tu. Ile wati 25 anaipata kwa chaja ya wati 25 yenye USB PD na PPS (chaja na simu zinapatana kiasi cha umeme), aangalie maandishi hayo kwenye kichwa. Akichomeka kichwa cha zamani cha wati 10, itachaji kama ya wati 10, betri ya 5000 itachukua kama saa tatu. Hakuna ubaya kama anachaji usiku. Vichwa vyepesi kama boksi la kiberiti vinavyouzwa barabarani aviache. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hivyo ndivyo vinavyopitisha mshtuko hadi kwenye simu.

Na apdeti ya kwanza aifanye kwenye WiFi kabla ya kuhamisha WhatsApp. Inakuja kubwa, ikianza kwa bando la siku itakatika katikati.