Mfarishi wa viraka vya kanga: namna ya kumalizia

Binti Wete: Asalaam aleikum. Viraka vishaungwa, mfarishi (tandiko la kushonwa lenye pamba kati) ni sentimita 150 kwa 200, na pamba ishaingia kati. Lakini nikishona, kitambaa cha chini kinajikunja. Na utepe wa ukingo nikate upana gani?

Fundi wa Mkunazini: Waaleikum salaam. Bandi (mshono wa muda wa kushikiza) haikutosha. Fumua tu, hakuna njia ya mkato. Tandaza kitambaa cha chini sakafuni, uso uelekee chini, kikae sawa bila ya kuvutwa sana, ukibane pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Weka pamba, kisha viraka. Piga bandi mistari ya kila sentimita 10, ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, ulegevu wote hukusanyika kati na hauna pa kutokea.

Utepe: upana sentimita 6, ukunje kati kwa urefu, mita 7 na nusu. Mzunguko ni mita 7, inayobaki ni ya pembe na maungio. Kwenye pembe simama milimita 6 kabla ya mwisho, pandisha utepe kwa hanamu (mshazari), uteremshe, uendelee.

Mama Subana: Kanga nyekundu je, ilifuliwa? Sugua kitambaa cheupe kibichi juu yake uone kama inatoa rangi. Na uzi usizidi sentimita 45, mrefu husokotana.

Binti Wete: Ahsanteni. Vipande vilobaki?

Mama Subana: Vishikio vya sufuria. Ila ndani tia pamba halisi, ya plastiki huyeyuka.