Naomba ushauri: droni yangu imenigombanisha na jirani

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga picha za sherehe na mashamba. Miezi minne iliyopita nilinunua droni ya gramu 249, uzito niliouchagua makusudi maana nchi nyingi huanza kubana masharti kuanzia gramu 250.

Kazini imenifaa mno. Shamba nililokuwa nalizunguka kwa miguu nusu siku, sasa betri moja inatosha, na mwenye shamba anaona kabisa mazao yalipopauka. Rwanda tangu 2016 wanapeleka damu hospitali kwa ndege zisizo na rubani, kwa hiyo anayeniambia hiki ni kidoli simwelewi.

Shida ilianza Jumamosi. Nilikuwa najaribu kamera nyumbani, kama mita 30 juu, mama wa jirani anaanua nguo. Aliposikia ule mlio wa nyuki akaacha beseni palepale, akaingia ndani na kufunga madirisha. Jioni mumewe akaja: "Umemrekodi mke wangu?" Nikamwonyesha picha zote, ni paa langu tu. Hakuridhika. Na kusema kweli, ningekuwa yeye hata mimi nisingeridhika. Aliye chini atajuaje lenzi imeelekea wapi?

Kibali ninacho, hiyo siyo hoja. Ninachotaka kujua kwa wenzangu wa kazi hii: majirani mnawaarifu vipi kabla ya kurusha? Akinaswa mtu asiyehusika, mnafuta au mnaziba sura? Na huyu bwana nimrudie vipi? Bado hajibu salamu yangu.