Mjadala: King alikosea kwenda Chicago mwaka 1966?

Wakuu, kila inapofika Aprili 4, siku aliyouawa Martin Luther King, hoja hii huibuka tena: eti mapambano ya haki za Weusi Marekani yalishinda hadi 1965, sheria ya kupiga kura ilipopita, halafu yakapotea njia. King akayaacha majimbo ya Kusini aliyoyajua, akaenda Chicago, Meya Richard Daley akamzungusha, akaondoka mikono mitupu. La mikono mitupu tubishane. La kupotea njia nalikataa.

Januari 1966 King alipanga nyumba ya dola 90 kwa mwezi huko Lawndale, mtaa wa Weusi magharibi mwa jiji. Mwenye nyumba aliposikia mpangaji ni nani, akaleta mafundi chapuchapu, wakapiga lipu na rangi. Watu wakatania kwamba King ahamehame tu jengo hadi jengo, mtaa mzima utakarabatiwa!

Utani, lakini ndipo tatizo lilipokuwa. Kusini ubaguzi ulibandikwa ukutani: Weupe tu. Sheria ikipita, bango linang'olewa. Chicago hapakuwa na bango la kung'oa. Benki haikopeshi mtaa wa Weusi, dalali haonyeshi nyumba kwingineko, basi Mweusi ananunua kwa mkataba wa kulipa kila mwezi, kwa bei ya kuruka, hati ikibaki kwa muuzaji. Akikwama mwezi mmoja anaweza kutolewa nje, na alicholipa miaka yote kimeliwa. Mbwa wa polisi wa Birmingham, huko Alabama, walipigwa picha wakiwashambulia waandamanaji, dunia ikashtuka. Mkataba utaupigaje picha?

Agosti 5, akiandamana kudai haki ya nyumba karibu na Marquette Park, eneo la Weupe jijini humo, jiwe lilimpata King kichwani, akapiga goti, akainuka na kuendelea. Alisema hata Mississippi na Alabama hakuwahi kuona umati wenye chuki kiasi kile. Wengi wao walikuwa watu wa kazi zao, wenye vinyumba vyao, walioaminishwa kwamba Mweusi akihamia jirani bei ya nyumba inaporomoka.

Nakubaliana na wapinzani hapa: makubaliano ya Agosti 26 yaliyositisha maandamano hayo yalikuwa mepesi mno. Jiji na madalali walitoa ahadi, bila chombo cha kuwabana. Robert Lucas wa CORE, shirika jingine la haki za Weusi, aliyakataa, Septemba 4 akaongoza watu kama 200 kuandamana Cicero, mji wa Weupe jirani na Chicago, wakilindwa na askari wenye bunduki. Daley naye akachaguliwa tena 1967 kwa kishindo. Wanaomtupia lawama mwanaharakati Stokely Carmichael na kaulimbiu yake ya nguvu ya Weusi, eti ndiyo iliyoharibu mambo, wananishangaza kidogo. Yeye ndiye alikuwa akiuza nyumba Lawndale?

Kuhusu matunda: muswada wa kuzuia ubaguzi katika nyumba ulikwama Seneti mwaka huohuo wa 1966. Ulisainiwa Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya mauaji. Wapo wanaosema ni risasi na ghasia zilizofuata tu ndizo zilizoupitisha. Ziliharakisha, sawa, lakini Seneti ilikuwa imeshaupitisha Machi 11, King akiwa hai. Na Lawndale kwenyewe, mwaka huohuo wa 1968, wanunuzi wa mikataba walijiunga pamoja, wakagoma kulipa, na baadaye mamia ya mikataba ikaandikwa upya.

Sasa wewe unayesema angebaki Kusini, nijibu: abaki akidai nini? Memphis ni Kusini. Wazoa taka 1,300 waligoma huko Februari 1968 baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka walimojikinga mvua. Walikuwa na haki ya kupiga kura kisheria. Walichokuwa wakidai ni mshahara, chama cha wafanyakazi na kuhesabiwa watu, na ndiko King alikouawa. Hilo nalo ni kupotea njia?