Kila Juni sheria mpya ya kodi, halafu tunashangaa wawekezaji wanakwenda wapi!

Wadau, nina hasira na leo sinyamazi.

Mimi ni mhasibu. Kampuni ya kigeni ikitaka kuweka pesa zake Kenya, sisi ndio tunaoandaa makadirio: mtaji kiasi gani, mauzo kiasi gani, ushuru kiasi gani, faida itaanza kuonekana lini. Wiki iliyopita wateja tuliohangaika nao miezi minane wamejitoa. Walitaka kujenga kiwanda. Ardhi walishaikagua, umeme walishaulizia bei yake, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 hawakuilalamikia hata siku moja. Walikuwa na swali moja tu: mwaka wa nne, kiwanda kikishaanza kuleta faida, tutatozwa nini? Nilishindwa kujibu, na sijui mhasibu gani nchi hii angejibu bila kudanganya.

Hebu tazameni tulikotoka. Aprili 2020 kodi ya kampuni ilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT kutoka 16 hadi 14. Haya, corona ilikuwa imebana, tunaelewa. Januari 1, 2021 zote mbili zikarudi zilikokuwa, na siku hiyohiyo ikaingia kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo hata kama kampuni inakula hasara. Kiwanda kipya hula hasara miaka ya mwanzo, ndivyo viwanda vilivyo! Unamtoza mtu kwa mauzo wakati bado analipia mashine? Septemba 2021 Mahakama Kuu ikasema kodi hiyo inakiuka Katiba. Makadirio yote tukayaandika upya.

Sola ndiyo inayoniuma zaidi. Vifaa vyake vilisamehewa VAT 2014, watu wakaingiza mitaji, biashara ikakua hadi vijijini. 2020 VAT ikarudishwa. 2021 ikaondolewa tena. Ndani ya mwaka mmoja! Aliyeagiza makontena katikati ya hapo alilipa kodi ambayo mshindani wake aliyesubiri miezi michache hakuilipa. Huyo hakukosea chochote kwenye biashara yake. Aliiamini sheria iliyokuwepo, basi.

Ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kodi inayopitishwa kila mwaka. VAT ya mafuta ikapanda kutoka 8 hadi 16. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta sheria yote, Agosti Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi huo, Oktoba 29 ikaubatilisha. Katika kipindi hicho mteja anakupigia simu kutoka ng'ambo kuuliza sheria ipi inatumika leo. LEO, jamani, hata hajafika kwenye mwaka wa nne.

Na msiniambie ni vijana walioandamana Juni 2024 waliowatisha wageni. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipingwa tangu ulipochapishwa, wanaoandika miswada hawakusikiliza, watu wakauawa Juni 25 na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Tukadhani somo limeingia. Desemba 11 mwaka huohuo ikatiwa sahihi sheria nyingine ya marekebisho ya kodi iliyorudisha baadhi ya mambo yaleyale, ikaanza kutumika Desemba 27. Siku 16, na katikati ni Krismasi. Kampuni za kigeni zinazouza huduma mtandaoni zilikuwa zikilipa asilimia 1.5 ya mapato yao hapa. Kodi hiyo ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine inayofika asilimia 3.

Najua kuna atakayesema wageni wamezoea kusamehewa, acha walipe. Walipe, ndiyo! Sijaomba msamaha wa kodi kwa mtu yeyote. Misamaha yenyewe ni sehemu ya ugonjwa huu, kwa sababu iliyotolewa kwa kalamu mwaka huu hufutwa kwa kalamu mwakani, na mwekezaji makini anajua hivyo. Mwenye kiwanda hawezi kukikunja akaondoka nacho kama mkeka. Akishamwaga zege amekaa miaka 20, kwa hiyo anataka kujua kanuni kabla ya kulimwaga. Wanaobaki kuja ni wale wa faida ya haraka, wanaotaka kurudisha pesa zao kabla ya Juni ijayo.

Ninachodai hakihitaji hata shilingi moja ya bajeti. Kodi inayogusa mtaji wa muda mrefu itangazwe miaka mitatu kabla ya kuanza kutumika, na hilo liwe kwenye sheria, lisiwe ahadi ya hotuba. Mswada unaofika bungeni mwisho wa Aprili na kuwa sheria Julai mosi haumpi mtu nafasi ya kupanga kitu.

Kiwanda kile kilikuwa kiajiri watu wetu na kununua mazao ya wakulima wetu. Mlioko kwenye kampuni za namna hii, nyinyi mwaka wa nne mnaujazaje kwenye makadirio yenu? Nauliza kwa dhati, maana Jumatatu nina wateja wengine na swali litakuwa lilelile.