Escudo ya 1996 inakula betri, na indiketa inawaka nikikanyaga breki

Mtoto wa Chake
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nna Escudo ya 1996 hapa Pemba, injini nzima kabisa ila umeme wake unanitia wazimu. Kila Ijumaa naiacha Mkoani kwa shemeji nakwenda Unguja kwa boti, Jumatatu nikirudi betri imekufa, taa ya ndani inawaka kwa mbali, mpaka tuisukume ndo iwake. Fundi wa mwanzo kasema betri, nkanunua mpya. Wa pili kasema altaneta, nkatia nyengine, mambo yale yale. Na chengine, usiku nikiwasha taa nikakanyaga breki, mshale wa indiketa kwenye dashibodi unawaka kidogo na taa ya nyuma kushoto inafifia badala ya kuzidi. Pesa nshatoa ya kutosha, naombeni msaada kabla sijaambiwa nibadilishe waya za gari nzima.

Bi Starlet
Pole kaka. Yangu mie ilikuwa taa ya buti haizimi, nimekuja kuiona usiku mwanga unatoka kwenye mwanya wa mlango wa nyuma. Jaribu kuangalia na hiyo, haina gharama.

Fundi Waya
Waalaykum salaam mwanangu. Hayo maradhi mawili, usiyachanganye.

La taa ya nyuma ni ethi, yaani njia ya kurudisha umeme. Umeme ukitoka betri lazima urudi, na kwenye gari unarudia kwenye bodi, sasa ile waya ya ethi ya taa ikiliwa na kutu umeme unatafuta njia kwenye balbu za jirani, ndo unaona indiketa inawaka na wewe umekanyaga breki. Na gari ya kwetu inayolala karibu na bahari hili halikwepeki, chumvi inazila sana ethi. Chukua mita ya kupimia umeme, weka DC volti 20, washa taa, mtu akukanyagie breki, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyengine kwenye ethi ya ile taa (utahitaji waya mrefu). Ikizidi volti 0.2 hapo pabovu.

La betri sasa. Injini ikiwa inaunguruma pima betri, ukiona kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji, iache. Khalafu zima kila kitu, toa ufunguo, fungua hasi ya betri kwa spana ya kumi, waya mwekundu wa mita uchomeke tundu la 10A, mita uigeuze upande wa ampea, uiunge baina ya waya wa hasi na betri. Mlango utauacha wazi maana fyuzi ziko chini ya dashibodi, kwa hiyo kile kitufe cha mlango kibonyeze ukibandike plasta taa ya ndani izime, la si hivyo utakuwa unaipima taa. Gari ya umri huo ikilala isizidi ampea 0.05. Ikizidi, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Na tafadhali usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza fyuzi yake.

Mtoto wa Chake
Nimepima leo baada ya laasiri. Chaji 14.1, kumbe hata altaneta ya mwanzo pengine ilikuwa nzima, roho imeniuma. Ethi ya taa ya kushoto imetoa 3.1!! Gari ikiwa imezimwa inakula 0.42, nimetoa fyuzi mpaka ya redio ikashuka 0.02.

Fundi Waya
Basi umeipata. 0.42 kwa siku nzima ni kama ampea-saa 10, siku tatu 30, na betri yako sidhani kama inafika 50, itapiga stata kwa nguvu gani? Redio ulifungiwa mtaani? Vuta nyuma yake uangalie waya wa manjano na mwekundu. Manjano ni wa kutunza kumbukumbu, huo unapata moto (umeme) muda wote, mwekundu unatakiwa upate moto ukiweka ufunguo tu. Wengi wanaziunga pamoja ili wamalize haraka.

Mtoto wa Chake
Wallahi zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa soltepu nyeusi. Nimeutenga mwekundu nikaupeleka kwenye waya wa kiberiti cha sigara, sasa inasoma 0.03. Ya taa nimefungua, ile skrubu ya ethi imeota unga wa kijani, kuigusa tu waya ukabaki mkononi. Nimepiga msasa mpaka bati likang'ara, nkatia kichwa kipya cha waya na grisi juu, breki sasa inawaka nyekundu hasa na mshale umetulia. Ijumaa naiacha Mkoani kama kawaida, Jumatatu ntakuja kusema hapa. Allah akulipe ami yangu.

Bi Starlet
Ukiwa na msasa mkononi bado, piga na ile ethi kubwa ya betri kwenye bodi, na ya taa ya kulia, maana zimekaa kwenye chumvi ile ile.