Hoki ya vyuo (ECAC): timu iko nafasi ya 6, mechi 6 zimebaki. Nafasi ya 4 bado inafikika?

BaridiYaIthaca

Wakuu, habarini. Naomba wanaoijua hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani wanisaidie hesabu za mwisho wa msimu kwenye ECAC, ligi ya kina Cornell, Quinnipiac, Harvard, Clarkson na wenzao.

Ili tusibishane kuhusu msimu gani, tuweke mfano. Timu yetu iko nafasi ya 6, ina pointi 28 katika mechi 16. Wa nne ana pointi 32, mechi 16 vilevile. Kila mmoja amebakiza mechi 6 za ligi, na moja kati ya hizo ni sisi dhidi yao.

Maswali yangu: je, kufuzu mtoano bado kupo mikononi mwetu? Tukimaliza wa nne badala ya wa sita tunapata nini hasa? Na wikiendi za mwisho niangalie nini zaidi ya ushindi na kushindwa? Nimeona watu wanatumia msimamo wa ligi, wengine wanaleta orodha ya kitaifa, mwisho wa siku hawaelewani.

---

TakwimuZaBarafu

Mkuu, tuanze na kufuzu, maana hapo wengi wanapotea. ECAC ina timu 12 na zote 12 zinaingia mtoano. Hakuna anayekatwa. Kwa hiyo usihesabu "pointi za kufuzu", hesabu mipaka miwili. Wa kwanza ni kati ya nafasi ya 4 na ya 5: wanne wa juu hawachezi raundi ya kwanza, wanasubiri robo fainali nyumbani kwao. Wa pili ni kati ya 8 na 9: kuanzia wa 5 hadi wa 8 wanaandaa mechi ya raundi ya kwanza (5 na 12, 6 na 11, 7 na 10, 8 na 9), ni mechi moja tu, anayefungwa msimu umekwisha. Kutoka 5 hadi 8 tofauti ni mpinzani tu. Kutoka 5 kwenda 4 ndiyo tofauti kubwa ya msimu mzima.

Pointi zinagawiwa hivi: kushinda ndani ya dakika 60 ni pointi 3. Mkienda muda wa ziada, mshindi anachukua 2 na aliyefungwa anapata 1. Muda wa ziada wa ligi ni dakika 5, watatu kwa watatu, bao la kwanza linamaliza. Lisipopatikana mnaenda mikwaju ya penalti, mgawo ni uleule wa 2 na 1. Kila timu inacheza mechi 22 za ligi, yaani pointi 66 ndiyo dari.

Sasa mfano wako. Wa nne ana pointi 32 kwa mechi 16, wastani wa 2 kwa mechi. Akiendelea hivyo anaongeza 12, anamaliza na 44. Wewe una 28, wastani wa 1.75. Ukiendelea na mwendo huo unaishia 38 au 39, hufiki. Kuifikia 44 unahitaji 16 kati ya 18 zilizobaki, kwa mfano ushindi wa dakika 60 mara tano na mechi moja uliyofungwa muda wa ziada. Hiyo ni ngumu mno.

Lakini una mechi dhidi yao, na hapo hesabu inageuka. Ukiwafunga ndani ya dakika 60 wewe una 31 na wao wanabaki 32. Wao kwa mechi 5 nyingine wakienda wastani wao wanaongeza 10, wanaishia 42. Wewe sasa unahitaji 11 kati ya 15: ushindi wa dakika 60 mara tatu na ushindi mmoja wa muda wa ziada, hata ukifungwa ile ya tano. Kutoka 16 mahitaji yameshuka hadi 14 kati ya 18.

Angalia pia pengo lenyewe. Leo ni 4. Ukiwafunga ndani ya dakika 60 linakuwa 1. Ukiwafunga muda wa ziada linakuwa 3, umepunguza pointi moja tu. Wakikufunga wao ndani ya dakika 60 ni 7, na hapo nakushauri uanze kumwangalia wa 9 asije akakupita. Ushindi wa muda wa ziada dhidi ya mpinzani wa moja kwa moja unashangiliwa sana ukumbini, ila kwenye msimamo haukusogezi karibu kitu.

Mkilingana pointi, kigezo cha kwanza ni matokeo yenu nyinyi kwa nyinyi. Mnakutana mara mbili tu kwa msimu, kwa hiyo kabla ya mechi hiyo jua ile ya kwanza iliishaje. Kama mliwafunga kwa pointi 3, hii ya pili inaweza kukupa faida ya kulingana nao hata kwa pointi moja ya kufungwa muda wa ziada.

---

BekiWaKushoto

Naongezea swali la pili, "tunapata nini hasa", kwa namba. Hizi ni makadirio ya mfano, badilisha asilimia utakavyo.

Robo fainali ni ya kushinda mechi 2 kati ya 3, zote kwenye uwanja wa aliye juu, Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili ikihitajika. Nusu fainali na fainali ni mechi moja moja, mjini Lake Placid, jimbo la New York, kwenye uwanja wa Herb Brooks, palepale Marekani ilipoifunga Umoja wa Kisovyeti 4-3 mwaka 1980.

Tuseme timu yako ina 55% kushinda mechi moja nyumbani na 45% ugenini dhidi ya mpinzani wa kiwango chake, na Lake Placid ni 50 kwa 50. Ukiwa wa nne: mfululizo wa mechi 3 nyumbani unakupa takriban 57%. Zidisha na nusu mara mbili kwa Lake Placid, unapata kama 14% ya kubeba kombe.

Ukiwa wa sita: mechi ya raundi ya kwanza nyumbani dhidi ya wa 11, weka 65%. Halafu mfululizo ugenini, takriban 42%. Halafu nusu mara mbili. Jumla ni karibu 7%.

Yaani timu ileile, wachezaji walewale, nafasi mbili za msimamo zinakata uwezekano kwa nusu. Ndiyo maana pointi za Februari ni ghali.

Haimaanishi njia ya chini imefungwa. Cornell mwaka 2025 ilimaliza ya 6, ikaanzia raundi ya kwanza nyumbani kwake, uwanja wa Lynah, ikaitoa Colgate robo fainali, ikaifunga Quinnipiac 3-2 muda wa ziada kwenye nusu fainali, kisha Clarkson 3-1 kwenye fainali. Huo ulikuwa msimu wa mwisho wa kocha Mike Schafer, aliyeiongoza timu tangu 1995. Kwenye mashindano ya taifa wakaitoa Michigan State 4-3 ndipo wakaja kutolewa na Boston University 3-2 muda wa ziada. Njia ipo, ila ni mechi nyingi zaidi na hakuna wikiendi ya kupumzika.

---

BaridiYaIthaca

Asanteni sana, wakuu. Nimeelewa kwamba nilikuwa naulizia mpaka ambao haupo. Sasa hiyo orodha ya kitaifa inaingia wapi? Na kwenye ratiba iliyobaki nisome nini?

---

TakwimuZaBarafu

Mashindano ya taifa yana timu 16. Mabingwa wa ligi sita wanaingia moja kwa moja, nafasi 10 zinazobaki zinatokana na orodha. Zamani orodha hiyo ilipangwa kwa hesabu iitwayo PairWise, kuanzia msimu wa 2025-26 upande wa wanaume wanatumia nyingine iitwayo NPI. Humo mechi zote za msimu zinahesabiwa, za ligi na zisizo za ligi, ugumu wa wapinzani una uzito mkubwa, kushinda ugenini kunalipa kuliko kushinda nyumbani, na ushindi wa muda wa ziada hauhesabiwi kama ushindi kamili.

Kwa hiyo meza ni mbili, usizichanganye. Mfano mzuri ni Harvard: kila Februari wanacheza Beanpot, mashindano ya vyuo vinne vya eneo la Boston, pamoja na Boston College, Boston University na Northeastern. Hao watatu ni wa ligi nyingine, Hockey East. Harvard akimfunga mmoja wao hapati hata pointi moja ya ECAC, lakini kwenye orodha ya taifa anapanda. Ukiona timu "imeshinda mechi nne mfululizo", hakikisha ni ngapi za ligi.

Na kwa timu ya kati ya ECAC, usiitegemee orodha. Mwaka 2025 ligi nzima ilipeleka timu mbili tu: Quinnipiac kupitia orodha, na Cornell kwa kubeba kombe. Clarkson waliofika fainali walibaki nyumbani. Timu iliyo ya 6 njia yake ya uhakika ni moja, kombe la ligi. Ndiyo maana narudi palepale kwenye nafasi ya 4.

---

Nyota_ya_Kaskazini

Kuhusu ratiba. ECAC inapangwa kwa jozi za safari: Cornell na Colgate, Clarkson na St. Lawrence, Harvard na Dartmouth, Yale na Brown, Princeton na Quinnipiac, Union na RPI. Wikiendi unacheza na mmoja Ijumaa, mwenzake Jumamosi. Usisome mechi 6 kama mechi 6, zisome kama wikiendi 3. Jiulize: jozi gani, nyumbani au ugenini, na yupi anakuja Jumamosi miguu ikiwa imechoka. Usiku wa Ijumaa usiutazame msimamo kwa hofu, wengine hawajacheza ya pili. Subiri Jumamosi usiku.

Chukua karatasi, andika timu tatu zilizo juu yako na mbili zilizo chini, na mbele ya kila moja wapinzani wake waliobaki. Zungushia duara mechi ambazo wapinzani wako wanakutana wao kwa wao. Hapo unachotaka ni mechi iishe ndani ya dakika 60, kwa sababu mmoja anachukua pointi 3 zote na mwenzake anabaki mtupu. Mechi hiyohiyo ikienda muda wa ziada wote wawili wanaondoka na kitu.

Hilo linabadilisha hata uchezaji. Ukiwa sare dakika ya 57 na timu iliyo ya 10, ilinde ile pointi moja uliyokwisha kuishika, kisha itafute ya pili. Ukiwa sare na wa nne unayemfukuza, pasi za tahadhari hazikusaidii, peleka mbele mstari wako wa kwanza, yaani washambuliaji wako bora. Na ukiwa nyuma kwa bao moja, kipa atoke mapema, zikiwa zimebaki dakika 2 au 3, aingie mshambuliaji wa sita. Kufungwa kwa bao moja au mawili ni sifuri ileile. Kocha anayesubiri sekunde 50 za mwisho anaipa timu nafasi moja tu ya kuingiza paki (kile kisahani kinachochezewa) eneo la mpinzani.

Adhabu nazo. Kuna kutolewa kwa mechi hiyo tu, na kuna kufungiwa: mchezaji akipewa ile nzito anakosa mechi inayofuata, akirudia anakosa mbili. Beki wako wa kwanza akiipata Jumamosi ya mwisho ya ligi, mechi anayokosa ni ya mtoano.

---

BekiWaKushoto

Jambo moja ambalo msimamo unalificha. Toa pointi zote zilizopatikana muda wa ziada na mikwaju, uziangalie peke yake. Kwenye mtoano hakuna watatu kwa watatu wala mikwaju. Ni watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka mtu afunge. Machi 2010 Quinnipiac na Union walicheza hadi muda wa ziada wa tano, dakika 150 na sekunde 22, Quinnipiac wakashinda 3-2. Timu yenye washambuliaji wawili wepesi inaweza kuokota pointi 6 au 7 kwenye barafu iliyo wazi, kisha mtoano ukifika ikakosa kina cha kikosi.

Kwa hiyo kwenye pointi zako 28, tazama umeshinda ndani ya dakika 60 mara ngapi. Ukiwa na 8 kati ya 16 hiyo ni timu ya kweli, pointi 24 zimetoka humo na nne tu ni za ziada. Ukiwa na 5, pointi 13 zimetoka muda wa ziada, na mimi nisingeipa nafasi mfululizo wa ugenini.

Na mtazame kipa wa pili. Mfululizo ukifika Jumapili ni mechi tatu kwa siku tatu. Kama wa kwanza amecheza Ijumaa na Jumamosi zote tangu Januari, wikiendi hizi tatu ndizo za kumpumzisha mechi moja, ile dhidi ya timu ya mkiani, siyo ile dhidi ya wa nne.